Mama wa Mshitakiwa

Kwa miaka kumi na saba Tusekile alikuwa mhudumu katika wodi ya wanawake ya hospitali moja wilayani Kyela, na karibu kila wiki ya miaka hiyo alishiriki uongo. Mwanamke aliletwa uso umevimba, mume amesimama mlangoni ameshika baiskeli, akisema mkewe ameteleza kwenye majaruba ya mpunga. Muuguzi anaandika: ameteleza. Tusekile analeta beseni la maji ya uvuguvugu, anamfuta mgonjwa damu puani, na wakibaki wawili tu anamwinamia na kumnong'oneza, "Vumilia, mwanangu. Ndoa ndivyo zilivyo." Aliamini anampa dawa.

Mmoja wa wale aliowapa dawa hiyo aliitwa Beatrice, mke kijana kutoka Njisi. Alirudi kwake akavumilia, na miezi mitatu baadaye akaletwa tena, jicho la kushoto halipo. Tusekile alipofika na beseni lake, Beatrice alimtambua kwa sauti, maana uso mzima ulikuwa umefungwa bandeji. Akasema taratibu, bila kumlaumu, "Nilivumilia, mama."

Tusekile alibeba beseni hadi nyuma ya jengo la kufulia, akayamwaga maji yote chini.

Mwaka 1994 kazi zikapunguzwa. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, katikati ya majina mengine, na kufikia mwisho wa mwezi alikuwa nyumbani kwake Bujonde na sare mbili ambazo hakuna aliyezidai. Mumewe alikwishafariki. Alikuwa na shamba la mpunga, migomba, miti michache ya kakao, na mtoto mmoja wa kiume aliyekwisha kuwa mtu mzima, Hezroni. Watu wote walimwita Mama Hezroni. Hata mshahara wake alikuwa akiitiwa hivyo dirishani.

Miaka miwili baadaye wanawake wanasheria walikuja kutoka mjini, wakakaa siku tatu katika darasa la shule ya msingi wakifundisha sheria ya ndoa. Tusekile alikwenda kwa sababu hakuwa na la kufanya. Siku ya pili mmoja wao alisema kwamba kwa sheria ya nchi hii hakuna mume mwenye haki ya kumpiga mkewe, wala mke mumewe. Tusekile akanyoosha mkono.

"Sheria hiyo imetoka lini?"

"Mwaka sabini na moja, mama."

"Sabini na moja?" Alisimama. "Mimi nimeanza kazi wodini mwaka sabini na saba. Ilikuwa imelala wapi?"

Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka. Alikaa, na ile hasira iliyomshika siku hiyo haikuondoka tena. Aliikasirikia sheria iliyofichwa kabatini, muuguzi aliyeandika "ameteleza", na waume wa mlangoni na baiskeli zao. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, kwa lile neno lake tamu alilokuwa akiligawa bure pamoja na maji ya uvuguvugu.

Hapo ndipo alipoanza kujitolea. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemlipa. Alinunua daftari la kurasa mia moja, akaanza kuwasindikiza wanawake waliopigwa, kwanza polisi kuchukua fomu ya matibabu, ile PF3 ambayo bila hiyo hospitali haikugusi, kisha hospitali, kisha mahakamani kama mwanamke mwenyewe alitaka kufika huko. Wengi hawakutaka. Hakuwalazimisha, lakini aliandika kila kitu daftarini: jina, tarehe, jeraha, na jina la aliyepiga.

Tatizo lilikuwa pa kuwaweka. Hilo lilitatuliwa na Mwanaheri, mjane aliyekuwa na duka la kanga na vitenge karibu na soko la Kyela mjini. Babu zake walitoka pwani, na bado Kiswahili chake kiliwafanya watu wa Bujonde watabasamu. Siku moja Tusekile alipita dukani na mwanamke ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa kwa kipande cha shuka. Mwanaheri alimtazama yule mwanamke, akamtazama Tusekile, akafungua mlango wa stoo.

"Humu mna marobota tu," alisema. "Hayana maneno. Mlete."

Kuanzia siku hiyo stoo ile ikawa na godoro. Mwanaheri hakusema sababu zake, na Tusekile hakumuuliza.

Kazi yenyewe haikuwa na utukufu wowote. Sehemu kubwa ilikuwa kukaa kwenye benchi. Katika kituo kidogo cha polisi walichokitegemea alikuwepo koplo mmoja mpole sana, mwenye sauti ya kubembeleza. Hakuwahi kumfokea mwanamke. Aliwaambia tu, "Dada, hayo ni mambo ya nyumbani. Nenda kamwombe radhi mumeo, myamalize." Tusekile alisema afadhali angekuwa mkali, maana mtu mkali unajua pa kumshika. Alijifunza kukaa. Anasema, "Afande, tunasubiri fomu," kisha anakaa, mvua inanyesha, matope yanaingia hadi chini ya benchi, saa sita inapita, saa nane inapita. Mwishowe koplo anachoka kumwona, anaitoa fomu. Tusekile alirudi nyumbani mgongo unauma, akiwatukana polisi wote wa dunia kwa Kinyakyusa njia nzima.

Wakati huohuo Hezroni alikuwa anapanda kimaisha. Soko la kakao lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wameingia, na mmoja wao alimfanya Hezroni wakala wake. Alipewa mizani, magunia na pikipiki. Alijenga nyumba ya matofali mita mia tatu kutoka kwa mama yake, akamwoa Naomi, binti wa wakulima wa Ngana, msichana mrefu mwenye maneno machache. Akamletea mama yake mabati. Tusekile aliona fahari, na kwa nini asione? Alikuwa amemlea peke yake.

Novemba ya mwaka 1998, joto la Kyela likiwa limekaa juu ya watu kama blanketi lililolowa, Naomi alikuwa akivaa sweta la mikono mirefu. Tusekile aliliona. Yeye aliyeweza kumtazama mwanamke anavyotua ndoo akajua ubavu upi umevunjika, aliliona sweta lile mara nyingi, akamuuliza mkwewe, "Una homa?" Naomi akajibu kwamba ana homa. Yakaishia hapo.

Machi iliyofuata, Ijumaa asubuhi, mtu alikuja kutoka kwa Mwanaheri: mgeni amefika, njoo. Tusekile alichukua daftari na mwavuli, akapanda gari la mchele hadi mjini. Aliingia stoo huku anafungua daftari, kama alivyozoea, akaketi juu ya robota, akainua macho.

Alikuwa Naomi. Sikio la kulia lilikuwa limechanika na shingo imekauka damu. Meno mawili ya mbele hayapo. Mkono wa kushoto aliulaza mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

"Kwa nini hukuja kwangu?" Tusekile aliuliza. Ndilo swali la kwanza lililomtoka, na baadaye alilijutia.

Naomi alizungumza kwa shida. "Ungeniambia nini, mama? Yeye ni mwanao."

Mwanaheri alisimama mlangoni, mikono imekunjwa.

Naomi akaeleza. Jirani yao, mjane mmoja, alikuwa ameleta kakao yake kavu kupima. Hezroni hakuwepo, na yule mama alilalamika kwamba kila msimu kakao yake huwa nyepesi kuliko anavyoijua. Naomi akamwambia ukweli: mizani imechezewa, kapime kwingine. Habari zilimfikia Hezroni kabla ya jioni. Alichukua jiwe la mizani, lile la kilo mbili.

Tusekile alisikiliza. Na hapa lazima isemwe, kwa kuwa yeye mwenyewe alilisema baadaye kila alipoulizwa: lile neno lilimjia mdomoni. Vumilia. Lilikuja lenyewe, limeiva, pamoja na mengine yote: ni kijana, ana hasira za karibu, nitazungumza naye, usituaibishe. Naomi alikuwa akimtazama, na aliliona likija. Akageuza uso ukutani.

Basi Tusekile alichukua kalamu.

"Jina lako?"

"Mama..."

"Jina lako."

"Naomi."

"Jina la aliyekupiga?"

"Unalijua."

"Sema wewe, ili niandike."

Naomi alilitaja. Tusekile aliliandika jina la mwanawe kwenye safu ileile alipokuwa amewaandika wanaume wengine wote, akapiga mstari chini yake, kalamu ikatoboa karatasi.

Walikuwa hawajatoka stoo pikipiki ilipozimwa nje. Hezroni aliingia dukani amelowa, akasimama katikati ya vitenge, akamwona mama yake.

"Juba," alisema, akimwita mama kwa Kinyakyusa, kama alivyomwita tangu utotoni. "Umekuja kumchukua? Vizuri. Mpeleke nyumbani."

"Umempiga?"

"Nimempiga, ndiyo. Ni mke wangu. Amenivunjia kazi."

"Kwa jiwe la mizani?"

"Mama, hayo si ya kuzungumza mbele ya watu wa dukani."

"Huyu mtu wa dukani ana jina," alisema Mwanaheri. "Na amekusikia."

Hezroni alimsogelea mama yake na kupunguza sauti. Alisema atamnunulia Naomi meno ya bandia. Ndipo Tusekile alipompiga kofi. Lilikuwa kofi moja, na hakuwahi kulijivunia. Alisema kwamba siku ile mikono ya ukoo mzima ilikuwa imerogwa. Lakini Hezroni alitoka, na wanawake watatu wakaenda polisi kwa miguu, Naomi katikati, chini ya mwavuli mmoja.

Koplo alitabasamu alipomwona. "Mama Hezroni, umekuja tena. Huyu nani?"

"Mkwe wangu."

Tabasamu likaganda. "Mkwe, kivipi? Mke wa nani?"

"Mimi nina watoto wangapi, afande?"

Koplo aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza alionekana kuumia kweli, na huruma yake yote ilikwenda kwa Hezroni. "Mama, yule ni mwanao wa pekee. Leo una hasira. Nenda nyumbani, lala, ukiamka..."

"Nimekaa kwenye benchi hili na mabinti wa watu miaka mitatu," Tusekile alisema, na sauti yake ilisikika hadi barabarani. "Kila siku unaniambia ni mambo ya nyumbani. Haya, leo ni nyumbani kwangu. Mwenye nyumba ndiye mimi. Mwenye nyumba anasema: andika!"

Koplo aliandika. Hospitalini daktari aliwapokea vizuri, lakini mhudumu kijana aliyeleta maji alimwinamia Naomi na kumuuliza kama ameteleza. Tusekile alitoka nje. Hakumfokea. Alijua ni nani aliyewafundisha.

Hezroni alikamatwa Jumatatu, akatoka kwa dhamana Jumanne. Jumapili iliyofuata ukoo ukakutana kwa Yakobo, kaka wa marehemu mumewe Tusekile, mtu mzito, mzee wa kanisa, mwenye nyumba kubwa kuliko zote upande ule. Naomi aliitwa kwenye kikao kilichomhusu yeye, lakini hakuingia. Yakobo alikuwa amesimama mahali pa baba mkwe wake, na kwa desturi ya Wanyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Wengi walikwisha kuilegeza desturi hiyo, Yakobo hakuilegeza. Kwa hiyo Naomi aliketi nje, upande wa jikoni, mkono ndani ya plasta, kanga imefunika kichwa, huku wanaume tisa ndani wakijadili mwili wake.

"Mke wetu," Yakobo alimwambia Tusekile, "umetuvua nguo mbele za watu. Kijana amekosa, tumemkanya, amekubali. Kesi iondolewe. Mambo haya huanza na ulimi wa mwanamke, na yeye huyo binti aseme amekosa, tumalize."

"Atasemaje, shemeji, na mmemweka jikoni?"

"Utamsemea wewe."

"Nimesemea wanawake miaka kumi na saba," Tusekile alisema. "Niliwasemea uongo."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mmoja aliuliza ni mama gani huyu. Mwingine akasema fedha za wanawake wa mjini zimemlevya, kana kwamba kuna aliyewahi kumpa hata nauli. Hezroni alikaa kwenye kona akitazama viatu vyake.

Ndipo sauti ikaja kutoka dirishani.

"Baba, mimi ndiye Naomi."

Yakobo hakuwa amewahi kuisikia sauti ile ikimwelekea yeye. Aliinua koti lake na kufunika uso.

"Sikukosa," sauti ilisema, ikipenya pengo la meno. "Mizani ni ya wizi. Wewe mwenyewe, baba, unapimia hapo kakao yako. Amekuibia na wewe. Nimemaliza."

Yakobo aliondoka kwa mlango wa nyuma, uso ungali ndani ya koti, akajigonga kwenye fremu. Tusekile alicheka kwa sauti, kicheko kibaya, kicheko cha hasira tupu, akatoka kwa mlango wa mbele. Kikao hakikuwa na mwisho mwingine zaidi ya huo. Siku mbili baadaye watu wa Bujonde wakaanza kupeleka kakao yao kwa wakala mwingine, na hilo, Tusekile alisema, liliwauma wale wazee kuliko meno ya Naomi. Alilisema kila alipopata mtu wa kumsikiliza.

Kesi ilisikilizwa Julai katika mahakama ya mwanzo, baada ya kuahirishwa mara nne. Tusekile alisimama shahidi wa pili. Mshitakiwa alikuwa na haki ya kumuuliza maswali, na Hezroni aliitumia.

"Wewe ni nani yangu?"

"Mama yako."

"Uliniona nikimpiga?"

"Sikukuona."

"Sasa unashuhudia nini?"

"Ulivyoniambia kwa mdomo wako, dukani kwa Mwanaheri. Ulisema umempiga. Nikakuuliza kama ni kwa jiwe la mizani, hukukana. Ukasema utamnunulia meno."

Watu waliguna. Hezroni alishika ukingo wa kizimba. "Juba, hata wewe?"

"Hasa mimi," alijibu. Hakimu akamwambia ajibu maswali tu, asizungumze na mshitakiwa. Akasema, "Nimejibu, mheshimiwa."

Mwanaheri akafuata, akayasema yaleyale kwa Kiswahili chake cha pwani. Hezroni alipata miezi sita. Alipokuwa akipandishwa kwenye gari la polisi hakugeuka. Tusekile alisimama kwenye matope mpaka gari likapotea, kisha akakaa chini palepale, kwenye nyasi zilizolowa, na gauni lake la kanisani. Mwanaheri alimsimamia kwa mwavuli karibu saa nzima.

Naomi hakurudi Ngana. Baba yake alikuja kumtazama mara moja, akauliza habari za ng'ombe wa mahari kabla ya kuuliza habari za mkono, na Tusekile akamfukuza dukani kwa maneno ambayo Mwanaheri alijifanya hayajui. Naomi alikaa stoo miezi mitatu, halafu akapanga chumba mjini na kuanza kuuza mchele sokoni. Mkono ulipona ukiwa umepinda kidogo. Alikuwa mkweli kwa vipimo kiasi cha kuudhi wenzake. Hakumwita tena Tusekile mama. Alimwita Tusekile, kwa jina lake, mtu pekee mdogo kwake aliyethubutu kufanya hivyo, na Tusekile alimruhusu.

Hezroni alipotoka gerezani alivuka mpaka kwenda Karonga. Alituma ujumbe kwa mtu mmoja tu, kwa Yakobo, kuomba nyumba iuzwe. Kwa mama yake hakutuma neno.

Habari za mama aliyemfunga mwanawe zilienea hadi Matema na kote ufukweni mwa ziwa, na zilikokwenda zilikua. Wapo waliovuka barabara wasikutane naye. Wapo waliomsifia kanisani, na hao ndio aliowachukia zaidi. "Wananishangaa mimi," alimwambia Mwanaheri. "Hakuna anayemshangaa koplo. Wiki iliyopita amemrudisha tena mwanamke nyumbani. Wangemshangaa yule, mimi ningepumzika."

Koplo alihamishwa mwaka uliofuata, kwa kupandishwa cheo. Tusekile aliposikia alivunja sahani.

Asubuhi moja ya masika, wakimsubiri mgeni mwingine wa stoo, mwanamke wa Ngana, avae viatu waende naye hospitali, Mwanaheri alimuuliza lile ambalo hakuwahi kumuuliza.

"Unamkumbuka Hezroni?"

"Kila siku," Tusekile alisema. "Naota amekuja, nampikia. Halafu naamka, na bado nimemkasirikia. Nikimwona leo nitamkumbatia, na nitamuuliza meno ya Naomi yako wapi."

"Na akikujibu vibaya?"

Mwanamke wa Ngana alikuwa amesimama tayari, amejifunga kitenge kipya ambacho Mwanaheri hakutaka kusikia habari ya bei yake. Tusekile alichukua daftari, la tano sasa, akamshika mkono upande usiouma, wakatoka.